Sauti Nene, Sauti Nyembamba: Istilahi, Vina na Koo la Mwimbaji wa Kiume katika Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umeshikilia kwa muda mrefu kwamba shairi sharti liimbike, lakini haujaeleza linaimbwa kwa sauti ya namna gani. Makala haya yanachunguza upande mmoja wa suala hilo, yaani sauti nyembamba ya waimbaji wa kiume, ile ambayo walimu wa uimbaji wa Ulaya huigawa kuwa falseto na sauti ya kichwa. Yanadai kwamba jozi ya maneno nene na nyembamba, ambayo Kiswahili kinayo tayari, inafaa zaidi kuliko tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi za Kitaliano. Yanadai pia kwamba baadhi ya mambo tuliyozoea kuyaeleza kwa mizani au kwa lahaja yanaeleweka vizuri zaidi tukiyafuata hadi kooni mwa mwimbaji.

Kuimbika bila mwimbaji

Tangu Amri Abedi achapishe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, sifa ya kuimbika imekuwa kipimo ambacho mshairi wa Kiswahili hawezi kukikwepa. Kwa Abedi, shairi lisiloimbika halikustahili jina hilo. Mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa, uliopamba moto katika miaka ya 1970 hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974), ulizunguka hapo hapo: upande mmoja ulisema mashairi huru hayaimbiki, upande wa pili ukajibu kwamba yanaghanika, au kwamba kuimbika si sharti. Ajabu ni kwamba katika mabishano yote hayo mwimbaji mwenyewe hakuitwa kutoa ushahidi. Kuimbika kulichukuliwa kuwa sifa ya maandishi: hesabu ya mizani ikitimia na vina vikikaa mahali pake, basi shairi limeimbika, hata kama hakuna aliyelitia mdomoni.

Shariff katika Tungo Zetu (1988) alisogea karibu zaidi, kwa kuwa alikumbusha kwamba tungo zetu hazitengani na mahadhi yake. Hata hivyo mahadhi ni njia tu, na sauti ni mguu unaoipita njia hiyo. Watafiti wa taarabu, kama Askew (2002) na Topp Fargion (2014), wametupa historia ya vikundi, ya majukwaa na ya siasa zake. Eisenberg (2017) ameshughulikia taarabu ya Kihindi ya Mombasa kwa kutazama sauti na utambulisho wa jamii pamoja, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini kazi zote tatu zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, mhakiki anayetaka kusema kwamba mwimbaji fulani alipofika kwenye kina cha mwisho aliacha sauti moja akashika nyingine, hana pa kuanzia. Hukimbilia kusema kwamba mwimbaji ana “sauti nzuri”, “sauti ya kinanda”, au “sauti ya kumtoa nyoka pangoni”. Hizo ni sifa, na mhakiki anahitaji maelezo.

Maneno tuliyo nayo

Neno sauti lenyewe limebebeshwa mzigo mzito. Ni mlio wowote unaosikika. Ni kile kinachotoka kooni mwa mtu. Ni kipashio cha fonetiki. Na kwa watu wa pwani ni mahadhi pia, kwani mtu huuliza wimbo huu una sauti gani akiwa na maana ya tuni yake. Katika kwaya za makanisa sauti ni nafasi ya kuimba: soprano, alto, teno na besi ni sauti nne. Msomaji asishangae basi kwamba majadiliano ya sauti katika uhakiki wetu hupotea njia mapema.

Neno juu linachanganya zaidi. Anayeambiwa apandishe sauti huongeza nguvu, hapandishi kidatu. Redio ikiwa na sauti ya juu, majirani wanalalamika kwa kelele zake, si kwa wembamba wa mlio wake. Wanaisimu waliliona tatizo hili walipochagua neno kidatu kwa ajili ya kupanda na kushuka kwa mlio, wakaacha mkazo na kiimbo vifanye kazi nyingine. Mhakiki wa uimbaji anafaa kuwafuata: “juu” na “chini” kwa kidatu, “kubwa” na “ndogo” kwa nguvu.

Baada ya kidatu na nguvu inabaki sifa ya tatu, nayo ndiyo mada yetu. Kiswahili cha kila siku kinaiita unene na wembamba. Mtu mzima wa kiume hutarajiwa awe na sauti nene. Mtoto ana nyembamba. Kijana anapobalehe sauti huvunjika ikawa nene. Maneno haya hayahitaji kutafsiriwa kwa mtu yeyote kuanzia Lamu hadi Kigoma. Yanadharauliwa kwa sababu ni ya mitaani, na nadhani dharau hiyo haina msingi.

Kinachotokea kooni

Ndani ya zoloto mna mikunjo miwili ya nyama na utando tunayoiita nyuzi za sauti, ingawa si nyuzi hata kidogo. Ni kama midomo midogo iliyolala kwa urefu. Pumzi inapopita huitetemesha. Mwimbaji anapotumia sauti yake ya kusemea, msuli ulio ndani ya mkunjo wenyewe hujikaza, mkunjo unafupika na kuwa mnene, na mikunjo miwili hugusana kwa kina, kuanzia ukingo wa chini hadi wa juu. Anapohamia sauti ile nyingine, msuli wa ndani hulegea na msuli wa nje huinamisha gegedu, mikunjo ikavutwa, ikarefuka na kuwa myembamba. Hapo kinachotetemeka ni ukingo tu, na muda wa kugusana katika kila mzunguko unakuwa mfupi.

Kwa hiyo neno nene na neno nyembamba ni sahihi kwa maana ya moja kwa moja. Mkunjo mnene hutoa sauti nene. Mkunjo mwembamba hutoa sauti nyembamba. Sijui istilahi nyingine ya muziki, katika lugha yoyote ninayoisoma, iliyolenga shabaha kwa usahihi huu bila kukusudia.

Tukilinganisha na historia ya istilahi za Ulaya, tofauti inaonekana. Neno falsetto ni la Kitaliano, limetokana na falso, yaani -a uongo, likatiwa kiambishi cha udogo. Sauti ya kifua na sauti ya kichwa zimepewa majina kwa mahali mwimbaji anapohisi mvumo, ingawa hakuna sauti inayozaliwa kifuani wala kichwani. Manuel García, mwalimu wa uimbaji ambaye mwaka 1855 aliieleza Royal Society ya London jinsi alivyotumia kioo kidogo kutazama zoloto lake mwenyewe, alizipanga sauti hizo kifua, falseto, kisha kichwa, falseto ikiwa katikati. Walimu wengi wa leo wanaposema falseto wanamaanisha kitu kingine: sauti nyembamba ya mwanamume iliyo hafifu na yenye hewa. Sauti ya kichwa kwao ni ile iliyokaza zaidi, na hawakubaliani kama msingi wake ni mkunjo mwembamba au ni mkunjo mnene uliopunguzwa uzito. Roubeau, Henrich na Castellengo (2009) walijaribu kukata shauri kwa kuyaacha majina yote na kuhesabu njia za mtetemo wa zoloto kwa namba, kuanzia 0 hadi 3. Nene yetu ni namba 1, na nyembamba yetu ni namba 2.

Jambo moja katika maelezo hayo mhakiki asilisahau. Njia hizi mbili hazifuatani kama vidato vya ngazi, moja ikiishia pale nyingine inapoanzia. Zinapishana kwa sehemu kubwa, na noti ile ile inaweza kuimbwa kwa nene au kwa nyembamba. Mwimbaji anapochagua nyembamba pale ambapo nene ingemtosha, huo ni uamuzi wa kisanaa, nao unahitaji kuhakikiwa kama tunavyohakiki uteuzi wa msamiati.

Kwa sababu hizo napendekeza tuepuke kutafsiri falseto kuwa “sauti ya uongo” au “sauti bandia”. Ubaya wa kwanza ni wa kimaana: hakuna uongo wowote katika mkunjo uliovutwa. Wa pili ni wa kitaaluma na ni mkubwa zaidi. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine miwili ambayo wataalamu wa anatomia huiita nyuzi za uongo. Mwanafunzi atakayesoma kuhusu sauti ya uongo katika fasihi na nyuzi za uongo katika baiolojia ataamini, kwa mantiki njema kabisa, kwamba hiyo hutokana na hizo. Na atakuwa amekosea. Neno falseto linaweza kubaki kama mkopo kwa wanaolihitaji. Kwa uhakiki yatosha kusema nyembamba yenye hewa na nyembamba iliyokaza. Na mahali ambapo moja huachia nyingine, ambapo Waitaliano huita passaggio, tuna neno bora kuliko lao: kivuko.

Shutuma ya uanamke

Kuna sababu nyingine inayofanya suala hili lisiwe la istilahi tu. Mwanamume anayeimba kwa sauti nyembamba huambiwa ana sauti ya kike, na maneno hayo huwa sifa kwa msemaji mmoja na tusi kwa mwingine. Hata katika maandishi ya kitaaluma nimeyakuta yakitumiwa kana kwamba ni maelezo.

Historia ya taarabu yenyewe inayakanusha. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kilikuwa chama cha wanaume, na nafasi zote za kidatu katika nyimbo zake zilijazwa na wanaume. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti iliyosafiri naye haikuwa ya wembamba wa kupendeza tu. Husimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu sauti yake ilisikika mbali, na sauti ya kunadi bidhaa barabarani ni sauti ya kupaza, yenye mkunjo mnene. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba kwa unene ambao wanaume wengi wangeuonea wivu. Kama unene ni uanaume, itabidi tumwandike Bi Kidude katika orodha ya waimbaji wa kiume.

Wala si kwetu tu ambako hukumu hii imeyumba. Katika opera ya Paris, Adolphe Nourrit, aliyeimba nafasi ya Arnold katika Guillaume Tell ya Rossini mwaka 1829, alizipita noti za juu kabisa kwa sauti nyepesi ya kichwa, kama teno wote wa zama zake. Mwaka 1837 Gilbert Duprez aliimba nafasi ile ile mjini humo na do ya juu akaitoa kwa sauti ya kifua. Rossini mwenyewe anasimuliwa kuifananisha na kelele za jogoo aliyehasiwa akichinjwa, lakini hadhira ilishangilia. Muda mfupi baadaye, kilichokuwa ustadi wa Nourrit kikaanza kuonekana udhaifu. Masikio yaliyobadilika ndiyo yaliyoibandika sauti nyembamba jina jipya. Koo za binadamu hazikuwa zimebadilika.

Katika muziki wa dansi wa Tanzania jambo hili lilitatuliwa bila nadharia. Hassan Bitchuka alijulikana kwa sauti yake ya juu, nyembamba na yenye ncha, na Muhidin Gurumo kwa sauti yake nzito ya kutulia. Waliimba pamoja katika bendi zilizopendwa sana Dar es Salaam, na hakuna shabiki aliyemwona mmoja mwanamume kuliko mwenzake. Mgawanyo wao ulikuwa wa kazi. Sauti nene ilisimulia na kuonya. Nyembamba ililalamika, ilisihi, ilikumbuka. Anayezisoma nyimbo hizo katika maandishi tu hukuta msemaji mmoja pale ambapo wasikilizaji walisikia wawili, na uchambuzi wake wa nafsi katika wimbo hauna budi kuwa na kasoro. Kongo nako Papa Wemba aliwahi kueleza deni la sauti yake kwa mama yake, aliyekuwa mwombolezaji wa misibani. Hapo sauti nyembamba ya mwana ina nasaba kwa mama, lakini ni nasaba ya kazi ya kuomboleza, ambayo ni fani yenye kanuni zake. Kuiita sauti ya kike ni kuifuta kazi hiyo na kubakiza jinsia.

Kina kinapofika kivukoni

Sasa tugeukie maandishi yenyewe, maana hapa ndipo nadhani uhakiki wa fasihi una la kufaidi.

Kiswahili kina irabu tano. Kila irabu ina mvumo wake wa kwanza, ambao hutegemea umbo la mdomo na koo: kwa mwanamume, mvumo huo uko karibu na herts 300 kwa /i/ na /u/, na karibu na herts 700 kwa /a/. Kivuko cha sauti ya teno kiko takriban kati ya herts 330 na 390. Maana yake ni kwamba mwimbaji anapofika kivukoni akiwa na /i/ au /u/, kidatu anachokiimba kimekwisha kuupita mvumo wa irabu yenyewe. Mkunjo mnene ukiendelea kusukumwa hapo, irabu hubanwa na sauti huanza kulia kama mlango. Ana njia mbili: kuhamia sauti nyembamba, ambayo huimudu /i/ na /u/ bila taabu, au kufungua mdomo, /i/ ielekee /e/ na /u/ ielekee /o/. Akiwa na /a/ hana dharura hiyo. Mlio wa pili wa sauti yake, ulio maradufu ya kidatu, hukutana na mvumo wa irabu na kumsaidia kupaza kwa unene hadi mbali.

Kwa mshairi anayetunga ili aimbiwe, uteuzi wa kina si suala la kupata maneno ya kutosha tu. Utungo wa taarabu wenye kina cha mwisho -a humruhusu mwimbaji wa kiume kumalizia kwa kishindo. Wenye kina -i au -u, mahadhi yakiwa yanapanda mwishoni mwa mshororo, humwongoza kwenye wembamba. Njia ya kufungua mdomo, ambayo mwimbaji wa Kitaliano huitumia bila hofu, kwetu ina gharama, kwa sababu irabu tano hazina nafasi ya kupoteza. Lia ikifunguliwa huwa lea. Tua huwa toa. Pita huwa peta. Mpenzi anayedai usiku kucha analia atasikika akidai kwamba analea, na wasikilizaji wa taarabu, ambao wanapenda sana kuwinda maana za pembeni, hawatamsamehe. Ndiyo maana nadhani sauti nyembamba katika uimbaji wa pwani, pamoja na kuwa pambo, ni njia ya kulinda neno. Abedi na wanamapokeo wenzake wangelifurahia hoja hii kama wangeliitafuta.

Kuna jambo lingine la mkazo. Katika usemi mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika uimbaji, silabi inayoshikiliwa kwa muda mrefu mara nyingi ni ya mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo kina. Silabi isiyo na mkazo inapewa urefu wote. Ikiimbwa kwa unene na nguvu, mkazo huonekana umehamishwa na neno linasikika kama la kigeni. Ikiimbwa kwa wembamba, urefu unabaki bila mkazo kuhama. Wale wanaolalamika kwamba waimbaji wa kisasa “wanavunja maneno” huenda wanalalamikia hili bila kulitaja.

Lakini mfano ninaouthamini zaidi ni wa nazali. Katika mtu, mja, nchi, nazali ni silabi kamili na huhesabiwa mizani moja. Tena katika maneno haya mafupi mkazo wa neno hukaa juu yake. Mwimbaji aliyepewa noti ndefu ya juu juu ya m- ya mja amefungiwa mdomo. Kwa sauti nene hapo hakuna pa kwenda: pumzi inasukuma na njia iliyobaki ni pua tu. Kwa sauti nyembamba, kinyume chake, nazali ni mahali pa starehe, ndiyo sababu walimu wa uimbaji huwapa wanafunzi m na n wavumishe wanapotafuta sauti ya kichwa.

Sasa tutazame umbo muja, lililozoeleka katika ushairi wa mapokeo kando ya mja. Mwenye haraka angeliita umbo hilo mazida, yaani kurefusha neno ili mizani itimie. Hesabu haimkubalii. Mja ni mizani mbili. Muja ni mizani mbili. Hakuna kilichoongezeka. Maelezo ya pili ni ya lahaja na ukale, kwamba muja ni umbo la zamani ambalo irabu yake haijadondoka, nayo ni ya kweli kwa asili ya neno. Hayaelezi lakini kwa nini mtunzi mmoja atumie maumbo yote mawili katika utungo mmoja. Tukimsikiliza mwimbaji, sababu inajitokeza: muja humpa irabu ya kushikilia, mja humpa nazali ya kuvumisha. La kwanza linafaa mahali pa kupaza. La pili linafaa mahali pa kunong'ona au pa sauti nyembamba. Sidai kwamba kila muja katika divani zetu iliandikwa kwa hesabu hiyo. Nadai kwamba mhariri anayesanifisha muja kuwa mja, akiamini hagusi mizani, huenda anafuta maelekezo ya uimbaji.

Kivuko kilichofichwa, kivuko kilichoachwa wazi

Waimbaji wawili wanatosha kuonyesha kwamba kivuko ni uwanja wa sanaa. Wa kwanza ni Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, fundi wa taarabu yenye mahadhi ya filamu za Kihindi na mwimbaji wa tungo nyingi za jamaa yake Ahmad Nassir, malenga wa Malenga wa Mvita (1971). Waimbaji wa filamu ambao mahadhi yao yalimfikia, Mohammed Rafi akiwa mmojawapo wa waliosikika zaidi, walijengwa na maikrofoni: hawakulazimika kupaza, waliweza kupunguza uzito wa sauti kidogo kidogo hadi msikilizaji asijue ni wapi nene iliishia. Juma Bhalo aliuleta ustadi huo katika Kiswahili. Wakosoaji waliomwita mwigaji walisikia mahadhi na wakaishia hapo. Hawakujiuliza Kihindi kina irabu ndefu na fupi, Kiswahili hakina, basi aliifanyaje sauti iliyolelewa na urefu wa irabu ikae katika silabi zetu zilizo sawa? Alichofanya, kwa sikio langu, ni kuhamishia urefu kwenye mapambo ya kina na kuacha katikati ya mshororo mwepesi, karibu na usemi, ili neno lisikike. Huo si uigaji wa mtu mvivu. Na katika mahadhi hayo mafumbo ya Ahmad Nassir, ambayo kwenye karatasi yanahitaji kusomwa mara mbili, yanafika mara moja.

Wa pili ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, ambaye Julius Nyerere alimwita ajiunge na kazi ya sanaa za taifa baada ya uhuru, na aliyefariki mwaka 2003. Matangazo ya santuri zake yalipenda kumtaja kuwa ana oktavi tano. Sioni haja ya kuzihesabu. Muhimu ni kwamba Zawose hakuficha kivuko. Aliruka kutoka mngurumo wa chini kabisa hadi wembamba wa juu kwa hatua moja, na mruko wenyewe ndio uliokuwa mahadhi. Asili yake si siri: muziki wa Wagogo umejengwa juu ya milio asilia inayopandana kutoka mlio mmoja wa msingi, kama ile ya zeze, na koo linaloruka kati ya nene na nyembamba hufanya kazi ya uzi unaoguswa kwa kidole katikati. Alipoimba kwa Kiswahili alikileta kivuko hicho katika lugha ambayo ushairi wake wa pwani ulikuwa umekizika kwa karne nyingi. Uhakiki wetu haukumfuata. Alipangwa katika fungu la “ngoma za asili”, na divani za Kiswahili zikaendelea kana kwamba hakupita.

Mgawanyo huo wa mafungu ni kosa la kihakiki. Swali linalomhusu Juma Bhalo na linalomhusu Zawose ni moja: neno la Kiswahili hufanywa nini linapobadilishiwa mkunjo? Mmoja analilinda kwa kulificha badiliko, mwingine analitoa kafara, maana katika miruko yake silabi mara nyingi hupotea na irabu tupu ndiyo inayobaki juu. Shairi la arudhi linamhitaji wa kwanza. Shairi huru, lililoshutumiwa miaka hamsini kwamba haliimbiki, lingeweza kujifunza kwa wa pili, kwa sababu Zawose hahitaji mshororo ulio na urefu maalumu. Anahitaji irabu moja iliyo wazi na mahali pa kuirushia. Wanausasa walipotafuta mifano ya kuimbika nje ya arudhi walitazama majigambo na vitendawili, na wachache sana walitazama koo la Mgogo huyu aliyekuwa Bagamoyo, mwendo mfupi kutoka vyumba walimobishania.

Kwa upande wa kazi, unukuzi wa nyimbo tunaouchapa katika majarida haya ungeweza kubeba alama mbili tu, kistari cha juu pale mwimbaji anapohamia nyembamba na cha chini anaporudi, na maumbo kama muja na mja yakaachwa jinsi yalivyoimbwa, hata yanapogongana katika ubeti mmoja.